Tunachoma makumbi, tunaagiza faiba

Pita Msambweni jioni utanusa moshi wa makumbi. Nazi imeshakunwa, tui limeingia kwenye wali, makumbi yamegeuka kuni. Sasa shuka ufuoni Diani: boti za watalii ni za faiba, na zile nyuzi za kioo pamoja na gundi yake zimetoka ng'ambo.

Wasee, mambo haya mawili yanahusiana. Faiba ni uzi uliozamishwa kwenye gundi, basi. Aliyekandika udongo kwenye fito alijua siri hiyo. Ujerumani Mashariki waliunda bodi za gari la Trabant kwa takataka za pamba na gundi. Na babu zetu walishona mitepe kwa kamba za usumba ikavuka bahari.

Shida ya boti ya faiba iko mwisho wa maisha yake. Gundi yake ikishakauka haiyeyuki tena, kwa hivyo likipasuka vibaya huwezi kuliyeyusha uunde jingine. Flipflopi, jahazi la Lamu lililofika Zanzibar 2019, ni la plastiki kuukuu, na plastiki ile hurudi motoni.

Lakini tusidanganyane. Usumba hauna nguvu ya kioo. Unanyonya maji, na haushikani vizuri na gundi mpaka uoshwe kwa soda kali. Mimi chuo niliacha, ila hili halihitaji digrii: usijenge boti nalo. Jenga dari, migongo ya viti, paneli za ndani za tuktuk. Na ukitumia gundi ya mafuta ya petroli, usijiite kijani kamili.

Kwa nini sasa? Base Titanium walimaliza kuchimba Kwale Desemba 2024. Madini yakiisha yameisha, minazi inazaa mwaka mzima. Swali langu ni nani atakula. Kina mama wa pwani wamefukia makumbi kwenye tope miezi mingi, wakayaponda kwa mikono, na kamba ikauzwa bei ya kutupa. Kiwanda kikija na kununua kwa bei hiyohiyo, tumebadilisha jina tu.

Juzi Ukunda nilimuuliza mama muuza madafu makumbi yake huenda wapi. Kuna mtu wa tanuri huja kuyabeba.

"Kwa bei gani?"

"Bei gani tena, mwanangu? Bora ayaondoe."