Mjane atalipwaje? Wakala wa bima aanze hapo

Wakala wa bima ya maisha anayefika Nyangoto, jirani na mgodi wa North Mara, kwa kawaida huanza na kutaja mamilioni. Mwenye ng'ombe au muuza mahindi humsikiliza kwa adabu, kisha huuliza: nikifa, mke wangu atalipwaje?

Swali hilo ni la haki. Mjane hutakiwa kupeleka hati ya bima, kitambulisho na cheti cha kifo cha RITA. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Kama marehemu hakuandikisha mnufaika, fedha huingia kwenye mirathi, ndugu wakakaa vikao huku duka limefungwa. Na kwa mwenye wake wawili, ambao Tarime si wachache, fomu yenye jina moja ni ugomvi uliowekwa akiba.

Basi wakala aanze na fomu hiyo. Ajaze majina yote na mgawo wa kila mmoja, aeleze vifo visivyolipiwa, nakala moja abaki nayo mke (wanaume wengi huificha hati sandukuni). Sheria ya Bima ya 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa madai yanayokwama. Mteja aambiwe hayo kabla ya kulipa ada ya kwanza.