Kuta kwa Kompyuta, Watu kwa Udongo

Kila tukikaribia mazoezi ya kufundisha, swali lilelile linazuka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wadau, nitumie programu gani kuchora modeli ya 3D?" Majibu yanamiminika: Blender, Blender, Blender. Hakuna anayeuliza mwenzake anatengeneza nini, ana kompyuta gani, na anakwenda kufundisha wapi. Mimi nasema maswali hayo matatu yatangulie, jina la programu lije mwisho.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Tabora. Umepangiwa Sikonge au Kaliua, unafundisha biashara ya masafa marefu kwa wanafunzi ambao hawajafika Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 wakitokea Ujiji. Unataka modeli ya kuweka mezani. Tembe ni kuta nene za udongo, paa bapa na ua. Hayo ni maumbo ya vipimo. Kwa skeli ya 1:50, mlango wa meta 2 unakuwa sentimita 4. Kazi hiyo FreeCAD inaiweza vizuri: ni ya bure, ukishaiweka haikudai bando, na inakutolea mchoro wa kila ukuta kwa skeli uliyotaka. Unaprinti kwenye A4, unabandika kwenye boksi, unakata kwa wembe. Printa ya 3D ya nini hapo?

Blender nayo ni ya bure, na kwa kuunda watu na wanyama ni kiboko. Lakini matoleo yake mapya yanataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na wengi wetu bado tunasukuma za GB 4. Tinkercad ni nyepesi kujifunza, ila inafanyia kazi mtandaoni. Bando likikata, kazi imelala. Zile za kukraki zinazozunguka kwenye flashi tuachane nazo. Zinaleta virusi, na mwalimu gani anaingia darasani na kitu cha wizi?

Wapo watakaosema FreeCAD ni ngumu. Kweli, siku za mwanzo inachosha. Ila mimi naona kasoro nyingine nzito zaidi: programu ya kuta inakupa nyumba tupu, na historia ya njia ile si nyumba. Ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani. Ni watumwa walioswagwa kuelekea Bagamoyo. Tukiweka mezani nyumba waliyolala Wazungu wawili tukaishia hapo, tumefundisha nusu ya somo, tena ile nusu ambayo mwanafunzi wa Kinyamwezi hajioni ndani yake.

Kwa hiyo kuta zitoke kwenye kompyuta, watu watoke mikononi mwa wanafunzi. Wape udongo. Kwa skeli ileile, mtu mzima anakuwa kama sentimita 3 na nusu. Kila mmoja afinyange mpagazi mmoja na mzigo wake, kisha aeleze anatoka wapi, amebeba nini, na faida inakwenda kwa nani. Hapo mjadala utawaka wenyewe.

Ukimaliza, modeli ibaki shuleni, na faili liache kwenye kompyuta ya shule. Atakayekuja mwakani aanzie ulipoishia.