Boti mpya, betri moja: wavuvi wetu wataiwasha na nini mashine?

Mazungumzo ya uchumi wa buluu hapa Pwani hayaishi kutaja boti na mashine. Wavuvi wa Lamu walioshinda kesi ya bandari mwaka 2018 na kutengewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 walikubaliana sehemu kubwa ilipwe kwa vifaa. Kaunti nazo zinagawa boti, na wito ni ule ule: tokeni nje ya miamba, nendeni maji makuu. Sina ugomvi na wito huo. Mimi nauliza habari ya kitu kimoja kilichofichwa shetri, ndani ya sanduku, ambacho hakuna mgeni rasmi anayekitaja siku ya kukabidhi: betri.

Betri ya boti iliwekwa kwa kazi moja, kupiga stata. Siku hizi imebeba na simu za mabaharia wote, GPS, kifaa cha kutafutia samaki, redio na taa za kuvulia usiku. Mwenye mashine ndogo ya kuvuta kamba hana hofu kubwa. Betri ikifa atavuta kamba arudi kwake. Mwenye mashine kubwa ya stata, aliyelala bahari siku mbili, huyo hana kamba ya kuvuta.

Tupige hesabu. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 70. Boti imetia nanga, watu wanavua mshipi, mashine imezimwa kwa hivyo hakuna kinachorudisha chaji. Taa mbili za LED za wati 10 kila moja, kwa saa 10, zinakula kama ampea-saa 17. GPS yenye kioo kikubwa itakula kama 10. Simu nne zikijazwa, ongeza kama sita. Alfajiri betri imebaki karibu nusu, na hapo nimehesabu betri mpya. Betri nyingi zilizoko baharini si mpya.

Na hata ikiwaka asubuhi hiyo, imeumia. Betri ya stata ina sahani nyembamba nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha, sahani zinaharibika, na mara chache tu za namna hiyo zinatosha kuiua. Ndipo utasikia watu bandarini wakisema betri za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi tunaziua wenyewe, na risasi iliyomo ndani yake haipotei: watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua inakoishia.

Hasara ya pesa si kitu kikubwa hapa. Kikubwa ni kwamba mashine inapokataa, GPS na redio zinakatika saa hiyo hiyo, na simu iliyokuwa ikingoja zamu yake ya chaji imezima. Mkondo wa bahari yetu unaelekea kaskazini, na kusi ikivuma unaongeza kasi. Boti iliyozimika nje ya Kiwayu haina safari ndefu kufika maji ya Somalia. Askari wa ulinzi wa pwani watamtafuta wapi mtu asiyeweza kusema yuko wapi?

Dawa yake mafundi wetu wanaijua. Betri ya pili, ile ya sahani nene inayotumika kwenye sola za nyumbani, ibebe taa na simu; ya stata iachwe na stata yake, isiunganishwe na kitu kingine chochote. Paneli ndogo ya sola juu ya kivuli. Fyuzi karibu na betri, maana waya uliochunika kwenye maji ya chumvi huleta moto. Na simu zichajiwe kwa kichaji cha gari, si kwa inveta: inveta inapandisha volti 12 hadi 240, kisha kichaji kinazishusha tena hadi tano, na njiani chaji inaliwa bure. Kipima volti cha kubandika nacho kisikose. Betri iliyotulia ikisoma 12.2, zimeni taa.

Haya hayafiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine. Mbona basi hayamo kwenye orodha ya vifaa vinavyogawiwa? Wakaguzi wa boti huuliza majaketi ya kuokolea, na ni haki yao kuuliza. KMA ingeongeza swali moja tu kwa boti zinazolala nje: betri ya stata iko peke yake? Nanyi mlio kwenye kamati za fuo, mnaongojea awamu ijayo ya boti, fungueni lile sanduku la shetri kabla ya kutia sahihi.