Tupe Kalenda, Mheshimiwa Gavana: Barua ya Wazi kuhusu Historia na Mazingira ya Kando ya Ziwa

Kwa: Mheshimiwa Gavana, Serikali ya Kaunti ya Kisumu
Nakala: Spika wa Bunge la Kaunti, Msimamizi wa Makumbusho ya Kisumu

KUH: OMBI LA KALENDA YA KILA MWAKA YA SHUGHULI ZA HISTORIA NA MAZINGIRA, DESEMBA HADI FEBRUARI

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa kaunti hii, na ninaandika hadharani kwa sababu ombi hili linawahusu wengi. Naomba serikali yako itangaze kalenda ya kudumu ya shughuli ndogo za historia na mazingira, zifanyike kila mwaka kuanzia Desemba hadi Februari katika kaunti ndogo zote 7: Seme, Nyando, Nyakach, Muhoroni, na Kisumu Mashariki, Magharibi na Kati. Siombi tamasha kubwa lenye jukwaa na wageni mashuhuri. Naomba tarehe zinazojulikana na mahali panapojulikana, ambapo watu wenye maarifa watakutana na watoto wetu.

Nimechagua miezi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni watu. Desemba shule zimefungwa na mabasi ya kutoka Nairobi na Mombasa yanafika yakiwa yamejaa. Boma ambamo nyanya alikuwa akiishi na mjukuu mmoja linajaa vijana. Mvua fupi zinaelekea kwisha, na njia za Seme na Nyakach zinapitika.

Sababu ya pili ni ndege. Wakati huo Ulaya na kaskazini mwa Asia kumeganda kwa baridi, na ndege wengi wa huko wako kwetu. Mbayuwayu waliojenga viota kwenye mazizi ya ng'ombe ya mbali wanakamata wadudu juu ya ziwa, na vitwitwi wanachokoa tope la ufuoni. Watakaa hadi Machi au Aprili, kisha warudi walikotoka.

Wenzetu wa nchi za baridi wameutumia msimu huo vizuri. Tangu Krismasi ya mwaka 1900, raia wa Marekani wamekuwa wakitoka kila mwaka kuhesabu ndege. Uingereza ilianza hesabu yake ya Januari mwaka 1979 kama zoezi la watoto, na leo mamia ya maelfu ya watu huketi kwa saa moja wakiandika ndege wanaotua bustanini mwao. Lakini wao wanahesabu waliobaki. Waliohama wako kwetu, na kuwahesabu ni kazi yetu.

Mheshimiwa, najua swali litakaloulizwa bungeni mwa kaunti: kwa nini fedha ziende kwenye hadithi na ndege ilhali zahanati zinahitaji dawa? Ni swali la haki, na jibu lake liko majini.

Kati ya 1961 na 1964, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, kufuatia mvua kubwa ambazo wengi bado wanaziita mvua za Uhuru. Baadaye maji yalishuka, na watu wakajenga na kulima pale yalipotoka. Kisha Mei 2020 ziwa likapanda tena hadi karibu na kimo kile kile cha 1964. Kuanzia Nyakach hadi Seme, nyumba, vyoo, mashamba na majengo ya ufuoni yaliingia maji. Familia zilihamia mashuleni na makanisani, wakati ule ule ambapo tuliambiwa tusikusanyike kwa sababu ya korona.

Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1964 aliona kwa macho yake maji yalipofika. Anakumbuka ni mti gani ulisimama majini na ni njia gani ilipitika kwa mtumbwi tu. Alama hizo hazimo kwenye hatimiliki ya shamba, wala fundi wa nyumba hazijui. Katika tambarare za Kano, ambako Mto Nyando hufurika mara kwa mara, wako wazee wanaojua mto ulipita wapi kabla haujahama. Tukiwapeleka vijana wa Ahero wakatembee na wazee hao siku moja ya Desemba, waweke alama na kuziandika, tutakuwa tumewapa maarifa yatakayookoa nyumba na maisha. Kwa mkaaji wa kando ya ziwa, historia ya jamii na elimu ya mazingira ni somo moja.

Maarifa ya wazee hayahusu mafuriko tu. Wavuvi wakongwe wanawakumbuka ningu, samaki waliopanda Nyando na Sondu-Miriu kwenda kutaga mvua zilipoanza, wakanaswa kwa migono. Wanamkumbuka ngege alipokuwa ndiye samaki wa mezani, na fulu wa aina mia kadhaa, wengi wao wasioonekana tena tangu mbuta alipotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Mtoto wa leo wa Dunga au Usoma anajua mbuta, omena na samaki wa vizimba. Akiambiwa kwamba ziwa limechafuka, atalinganisha na nini? Hawezi kudai kurudishiwa kitu ambacho hajawahi kusikia kwamba kilikuwepo.

Fikiria pia Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa la Seme linalofikia kimo cha mita 40 hivi. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza mila na desturi za mahali hapo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kilichoorodheshwa ni mambo ambayo watu wanayafanya pale: maombi, nyimbo, ngoma, masimulizi. Mawe yenyewe yatabaki hata sisi sote tukiondoka. Dharura iliyotajwa ni ya watu, kwamba wanaozijua nyimbo hizo wanazeeka na vijana hawajazishika. Dawa yake ni kijana wa Seme kukaa na jaduong', yaani mzee, wa Seme, mara nyingi, mpaka wimbo uingie.

Naomba pia kalenda hii isiwe ya ngoma na vyakula vya asili peke yake, bali iguse na kumbukumbu chungu. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Usovieti, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, walinzi walifyatulia umati risasi. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kando ya barabara kumlaki Rais. Waliokuwa na miaka 10 siku ile wamepita 60 sasa. Wengi wamesimulia jambo hili sebuleni tu, kwa sauti ya chini. Makumbusho yakifungua chumba kimoja, kwa siku moja ya Desemba, ili wanaotaka kusema waseme na maneno yao yahifadhiwe, hakuna atakayedhurika, na wengi watatua mzigo.

Inawezekana? Inawezekana, na mifano iko karibu. Nairobi, shirika la Nature Kenya limekuwa na matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia makumbusho, kwa zaidi ya miaka 40. Hayakuhitaji jukwaa wala hema. Yamedumu kwa sababu kila mtu anajua siku, saa na mahali. Kisiwani Rusinga, katika kaunti jirani ya Homa Bay, tamasha la Desemba limewapa Wasuba nafasi ya kusikika kwa lugha yao, ambayo iko hatarini kupotea. Tunachokosa sisi ni ratiba inayoifikia kaunti nzima na isiyokufa bajeti inapobadilika.

Kalenda ninayoipendekeza iko hivi.

Desemba iwe ya historia. Reli ilifika ufuoni mwa Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence. Kila tarehe 20 pawe na matembezi ya bure kutoka stesheni hadi bandarini, yakiongozwa na waliofanya kazi kwenye reli na meli. Siku nyingine za mwezi huo ziwe za vijijini. Seme wakutane Kit Mikayi. Kano wana Luanda Magere, shujaa ambaye masimulizi yanasema nguvu zake zilikuwa kivulini mwake, na jiwe linalohusishwa naye huonyeshwa mpaka leo. Muhoroni, ambako watu wa jamii nyingi walikutana kwenye mashamba ya miwa, wana historia ambayo haijasimuliwa ya kutosha.

Januari iwe ya ndege. Vinamasi vya Dunga, Koguta na Kusa vimetambuliwa kimataifa kuwa maeneo muhimu ya ndege. Ndani ya mafunjo yake wanaishi ndege wasioweza kuishi kwingine, akiwemo yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye wageni husafiri mabara kuja kumwona. Kila Januari duniani kote hufanyika hesabu ya ndege wa majini, na Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya huiendesha humu nchini. Kaunti inunue darubini chache, iwape mafunzo vijana wa kila ufuo, na vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) visimamie mitumbwi na maboya ya kujiokoa. Hesabu zao zipelekwe kwa wataalamu, zisaidie kazi ya kweli.

Februari iwe ya ardhioevu. Tarehe 2 ni Siku ya Ardhioevu Duniani, ukumbusho wa mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Siku hiyo wasusi wa mikeka na vikapu wafundishe jinsi ya kukata mafunjo bila kuyaua, na wavuvi waonyeshe mazalia ya samaki. Shule zitakuwa zimefunguliwa, na mtaala wa umilisi unawataka walimu watumie wajuzi wa jamii. Hapo watakuwa wamewapata.

Fedha zake si nyingi, lakini naomba zisikatwe mahali pamoja: malipo ya wazee na waelekezi. Daktari hulipwa kwa ujuzi wake, na mhandisi vivyo hivyo. Mzee anayesimama juani kwa saa tatu akifundisha watoto 40 asipewe soda na kofia tu.

Na yote yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kuyasajili. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti makumbusho, maktaba, shughuli za utamaduni, bustani na fuo. Kwa hiyo ninachoomba kimo tayari ndani ya wajibu wa ofisi yako. Masimulizi yarekodiwe kwa Dholuo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kaunti, kwa ridhaa ya wenyewe. Nakala moja ikae Makumbusho ya Kisumu, ambayo yamekuwa yakitutunzia urithi tangu 1980, na nyingine irudi kwenye wadi ilikotoka.

Mheshimiwa, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bungeni mwa kaunti kufikia 1 Septemba. Naomba kalenda hii iwe na mstari wake humo, na kila wadi iwe imepata tarehe zake kufikia Oktoba. Nawaomba wawakilishi wa wadi waulize swali hili wakati wa vikao vya maoni ya umma, na nawaomba wakazi wenzangu wahudhurie vikao hivyo na kulitaja kwa sauti. Mimi nitahudhuria. Niko tayari kujitolea kuandikisha majina ya wazee wa mtaani kwetu na kubeba kinasa sauti, na nawajua majirani walio tayari kufanya hivyo bila kulipwa.

Waliouona mwaka 1964 wakiwa vijana hawatakuwa nasi kwa muda mrefu. Kila Desemba inayopita bila kuwakutanisha na watoto wetu ni hasara ambayo hakuna bajeti ya baadaye itakayoifidia. Tafadhali, tupe tarehe ya kwanza mwaka huu.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa kando ya ziwa, Kisumu