Muuza Viazi Naye Apewe Hisa

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet, mvua ya alasiri ikianza, tazameni soko. Mama muuza viazi anavuta turubai kwa mkono mmoja, kwa mwingine anainua gunia lisilowe. Hazina ya kaunti peke yake haitamaliza taabu hiyo. Wawekezaji wanahitajika katikati ya miji yetu, nami nauunga mkono ubia. Swali ni ubia wa namna gani.

Ubia unaompa mtu mdogo hisa si jambo geni kwetu. Mkulima mdogo wa Litein au Kapkatet hapeleki majani ya chai kiwandani kama mpita njia: ana hisa, anapiga kura ya kuchagua wakurugenzi, na bonasi ya Oktoba ikishuka anauliza kwa nini. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ilianza mwaka 1964 kama shirika la serikali. Mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa na viwanda vya wakulima. Kasoro zipo na malalamiko hayaishi, lakini mkulima analalamika akiwa mwenye mali. Kwa nini basi muuza viazi awe mpangaji tu katika soko jipya litakalojengwa kwa ubia, leo aongezewe kodi, kesho afukuzwe? Wachuuzi waunde ushirika, ushirika upewe hisa katika kampuni ya soko, na mwakilishi wao aketi mezani mkataba unapoandikwa.

Wachuuzi wanaweza kubaki mahali pao baada ya ukarabati: kule Zanzibar, serikali ilishirikiana na taasisi ya Aga Khan kuitengeneza bustani ya Forodhani, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wauza mishikaki wangali pale.

Ardhi nayo ilindwe. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinasema kaunti huishika ardhi ya umma kama amana ya wakazi. Mwekezaji apewe haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa, kisha jengo lirudi kwa wananchi. Sheria ya Ubia ya 2021 imezifungulia kaunti mlango wa mikataba hii, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa ninyi nguvu ya kudai habari zake.

Kwa hiyo mkutano wa maoni ya umma ukiitishwa, msiwaachie madalali. Ombeni rasimu ya mkataba mapema, someni panapotajwa kodi na miaka ya mkataba, na msitie sahihi karatasi ya mahudhurio kabla hamjajibiwa.