Kapoeira isiishie Goma

Mwaka 2014 UNICEF na ubalozi wa Brazil walianzisha mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mafunzo ya kapoeira, mchezo wa Kibrazili wa mateke na muziki, kwa watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Lilikuwa jambo jema, ila mahali pake hasa ni huku watoto wanakochukuliwa na makundi hayo: vilima vya Masisi, misitu ya Walikale, vijiji vya Kirotshe kwenye barabara ya Sake kwenda Minova. Wapo wanaosema kumfundisha mateke mtoto aliyekwisha kushika bunduki ni kumwongezea silaha. Wamtazame akicheza. Wawili huingia katikati ya duara. Mmoja akizungusha teke, mwenzake huinama, kiganja kimoja chini, teke likapita juu yake, naye akainuka upande wa pili na jibu lake. Fundi ni yule anayeweza kumpiga mwenzake na akausimamisha mguu karibu na uso. Mwendo wote unaamuliwa na berimbau, upinde wenye kibuyu: ukipungua kasi wanapunguza, ukiwaita wanaacha. Mtoto aliyezoea amri ya kuua anajifunza kwa mwili wake kumlinda anayeshindana naye, na mahubiri ya mdomo hayafiki huko.

Wengine huuliza kwa nini tusiwafundishe ngoma zetu. Tuwafundishe! Lakini Masisi ngoma nyingi zina wenyewe. Mdundo ukianza unajua kama ni Wahunde au Wahutu, na mtoto wa upande wa pili hubaki mtazamaji. Kapoeira haina kabila hapa, wala si ngeni kabisa: ilianzishwa Brazil na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Angola na Kongo.

Hoja nzito ni ya njaa na usalama. Mama aliyekimbia shamba lake anatafuta unga, na hakuna duara litakalozuia watu wenye bunduki kurudi usiku. Anayeahidi vingine anawadanganya wazazi. Hata hivyo, mtoto aliyerudi nyumbani akakaa bure, majirani wakimwogopa, huchukuliwa tena kirahisi. Fito, waya, kibuyu na uwanja wa shule havihitaji fedha nyingi. Gharama ni mwalimu, na wafadhili wamlipe aishi Kirotshe, ajue mtoto gani hakuonekana leo na aende kwao kumuulizia, badala ya kuja na gari Jumamosi na kurudi Goma jioni.