Uhaba wa Probox wavuruga hesabu za wachuuzi wa miraa Meru na Embu

Mtu akipita mjini Meru au Embu na kutazama yadi za magari zilizo kando ya barabara kuu, huenda akadhani habari za uhaba wa magari ni porojo tu. Magari yapo. Yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa yakang'ara, na bei zake zimebandikwa kwenye vioo. Hata hivyo, mnunuzi anayeshuka kutoka Maua au anayepanda kutoka Kiritiri hatafuti gari lolote lile. Anatafuta Toyota Probox, tena ya umbo la zamani, na hiyo ndiyo isiyopatikana kwa urahisi.

Uhaba huu haufanani na ule wa sukari au unga, ambapo rafu za duka hubaki tupu. Ni uhaba wa gari la aina moja miongoni mwa watu ambao riziki yao imefungwa kwenye magurudumu yake. Umetokana na mambo matatu yaliyokutana kwa wakati mmoja: kalenda ya serikali ya Kenya, viwanda vya Japani na thamani ya shilingi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mkulima wa Igembe au wa Mbeere ana uwezo wa kulitikisa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kukumbuka jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa. Miraa huchumwa asubuhi na mapema, hufungwa vibunda na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na kufikia alasiri huwa tayari imeanza safari. Baada ya siku mbili hivi huwa imenyauka na thamani yake imeporomoka. Muguka wa Embu, ambao huuzwa majani matupu, hauna subira hata hiyo. Gari la kubebea bidhaa ya namna hii sharti liwe jepesi, lisiwe na kiu ya mafuta, liwe na nafasi pana nyuma, na vipuri vyake vipatikane hata kwa fundi wa Laare saa tatu usiku.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na pikapu za Toyota Hilux, ambazo mwendo wake ulizipa sifa ya kutisha kotekote nchini. Kisha ikaja Probox. Toyota ililizindua gari hili mwaka 2002 kwa ajili ya kampuni za Japani zilizohitaji chombo cha kusambazia bidhaa mijini, na bila shaka waliolibuni hawakuwahi kuisikia Nyambene. Lakini lilipofika Kenya likiwa mtumba, wafanyabiashara waliling'oa viti vya nyuma, wakaliongezea springi, na likawa ndilo gari la kawaida katika njia inayotoka Maua hadi Nairobi kupitia Meru, Nkubu, Chuka, Runyenjes, Embu, Makutano na Thika. Mchana gari lilo hilo hugeuzwa teksi ya kubeba abiria wa vijijini, pengine watu wengi kuliko idadi ambayo sheria inaruhusu.

Umuhimu wa barabara uliongezeka kila mlango wa ng'ambo ulipofungwa. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikasitisha uagizaji kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Soko la ndani ndilo lililobaki kuwa tegemeo, na soko hilo hufikiwa kwa gari. Embu nayo ilionja machungu yake Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka katika kaunti zao. Rais William Ruto alisema marufuku hiyo haina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ikaisimamisha, lakini aliyekuwa amekopa ili kununua gari aliona jinsi mkopo usivyosubiri kesi iishe.

Sasa turejee kwenye kalenda. Chini ya kiwango cha KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini ikiwa limezidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kila Januari mosi mpaka husogea mbele kwa mwaka mmoja. Mwaka 2021 yaliyokubaliwa yalikuwa ya kuanzia 2014; mwaka 2022 yakawa ya kuanzia 2015; mwaka 2025 ya kuanzia 2018, na mwaka 2026 ya kuanzia 2019.

Toyota ilibadilisha umbo la Probox mwaka 2014. Maana yake ni kwamba Januari 2022 ilipowadia, karibu Probox zote za umbo la awali zilikuwa zimefungiwa lango la Bandari ya Mombasa. Zilizokuwa tayari nchini ndizo zilizobaki, na tangu hapo idadi yake inaweza tu kupungua, ama kwa ajali au kwa uchakavu. Si ajabu kwamba bei yake haijashuka kwa kasi ambayo mtu angetarajia kwa gari linalozeeka. Mwenye nayo anajua kwamba akiiuza hataipata nyingine kama hiyo.

Kwa nini basi wasinunue toleo jipya? Wapo wanaonunua. Lakini toleo la 2014 lilikuja na giaboksi ya aina ya CVT, inayotumia mkanda na puli, badala ya gia za mkono ambazo baadhi ya Probox za awali zilikuwa nazo. Giaboksi hiyo huokoa mafuta katika barabara tambarare za mjini. Kwenye miinuko iliyoko baina ya Chuka na Nkubu, gari likiwa limesheheni kupita kiasi, ni jambo jingine. Huhitaji mafuta yake maalumu, na ikiharibika, fundi wa kando ya barabara mara nyingi hana la kufanya ila kutafuta nyingine nzima.

Kisha kuna bei. Hapa ndipo msukosuko wa Japani ulipoingia, nao uliingia kwa njia mbili zinazopasa kutenganishwa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya haraka. Mwaka 2021 viwanda vya magari duniani vilikosa vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoitwa chipu, huku janga la corona likifunga watengenezaji wa vipuri katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Mnamo Agosti mwaka huo Toyota ilitangaza kwamba ingepunguza uundaji wake wa Septemba kwa asilimia 40 kote ulimwenguni. Mjapani aliyekuwa anangoja gari jipya kwa miezi hakuwa na sababu ya kuuza la zamani. Magari yakapungua katika minada ya Japani, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mitumba inayoletwa Kenya hutoka huko, mnunuzi wa Embu akajikuta akishindana na wanunuzi wa nchi nyingine nyingi kwa magari machache.

Wakati huo huo shilingi ilikuwa ikidhoofika. Gari la dola 5,000 lingegharimu takribani Sh565,000 mwanzoni mwa 2022, dola ilipokuwa Sh113. Mnamo Januari 2024, dola ilipokaribia Sh160, gari hilo hilo lingekuwa Sh800,000 kabla ya kulipiwa ushuru hata wa senti moja. Shilingi ilipata nguvu baadaye hadi karibu Sh129, lakini wakati huo ushuru ulikuwa tayari umepanda.

Kuhusu ushuru, hesabu yake ni vyema ifanywe wazi, kwani wengi huilipa bila kuielewa. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha kwa magari ni asilimia 35, kutoka 25 ya awali. Juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 20 kwa gari la injini isiyozidi cc 1500, na juu ya jumla mpya hutozwa VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo, katika kila Sh100 za thamani inayokubaliwa na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), mnunuzi wa gari dogo hulipa karibu Sh88 kwa kodi hizo tatu pekee. Kabla ya mabadiliko hayo alikuwa akilipa Sh74. Ada ya kuagiza bidhaa na ile ya ujenzi wa reli ni mzigo mwingine, na thamani yenyewe hutokana na orodha ya bei ya KRA, si stakabadhi ya mnunuzi.

Mikopo nayo ilipanda wakati ule ule. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 mnamo Mei 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024, na haikuanza kuishusha hadi Agosti mwaka huo.

Matokeo ni kwamba soko la Meru na Embu limejigeukia lenyewe. Jirani humuuzia jirani. Gari lililobeba miraa miaka kumi kutoka Maua hurembwa, hupakwa rangi, na kuuzwa Siakago kwa mtu atakayelibebesha muguka miaka mingine kumi. Katika biashara ya namna hii mzigo wote wa hatari humwangukia mnunuzi. Aliyeagiza kutoka Japani angalau alikuwa na karatasi ya mnada na cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa. Anayenunua kwa dalali ana mita ya kilomita ambayo ni rahisi kuchezewa, na herufi za nambari ya usajili.

Herufi hizo zimewapoteza wengi. Dalali husifu gari kwa kuwa ni la KC, kana kwamba hicho ni cheti cha kuzaliwa. Msururu wa KC ulianza mwaka 2014 na wa KD mwaka 2020, lakini herufi huonyesha tu gari lilisajiliwa lini Kenya. Probox iliyoundwa mwaka 2009 ikaingia nchini 2016 itakuwa na nambari ya KC na umri wa miaka saba zaidi ya unaodhaniwa. Mwaka halisi umo katika nambari ya chesi na katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), ambazo mtu anaweza kuzisaka kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Rekodi hizo humwonyesha pia mmiliki halisi. Zaidi ya hayo, tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika ianze kutumika, deni lililowekewa gari linaweza kusajiliwa rasmi. Anayelipa pesa taslimu kabla ya kutazama huenda akanunua gari ambalo mkopeshaji atalichukua kabla halijamaliza mwezi.

Watetezi wa kikomo cha miaka minane wana hoja. Kenya haipaswi kuwa jaa la magari yaliyochoka, na viwanda vya kuunganisha magari vilivyoko Nairobi, Thika na Mombasa vinahitaji soko. Rasimu ya sera ya taifa ya magari ilipendekeza hata kikomo hicho kipunguzwe zaidi. Lakini kikomo hupima umri wa gari bandarini, na kikiisha kulipitisha hakilifuati barabarani. Probox ya 2007 iliyoingia 2014 ingali inakimbia kwenye miteremko ya Embu leo, na kadiri za kuibadilisha zinavyozidi kuwa ghali, ndivyo itakavyozidi kukimbia. Mwaka 2025 rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi ilipendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne nayo yakaguliwe. Bila gari mbadala la bei nafuu, ukaguzi huo utamwondoa barabarani mwenye gari bovu pamoja na kipato chake, au, jambo linalowezekana zaidi, utazaa njia mpya ya kutoa hongo.

Ile njia ya pili ya msukosuko wa Japani bado iko njiani. Wakenya hupenda kuagiza magari yaliyokaribia kikomo, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Magari ambayo hayakuundwa mwaka 2021 yatakosekana katika soko la Kenya mwaka 2027 na 2028. Aidha, Desemba 2023 kampuni ya Daihatsu, ambayo huiundia Toyota gari la Probox, ilikiri kudanganya katika majaribio ya usalama na ikafunga viwanda vyake vyote Japani. Uundaji wa Probox ulirejea Februari 12, 2024. Pengo la wiki hizo litafika Mombasa kufikia 2031.

Kwa sasa, anayetaka kuwahi gari la mwaka unaofungiwa lazima alifikishe bandarini kabla ya Desemba 31, na kwa kuwa meli huchukua mwezi mmoja au zaidi, pesa zake zinapaswa kuwa Japani kufikia Oktoba au mapema Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mvua za vuli huanza kunyesha Nyambene na Mbeere, miraa ikachipuka kwa wingi, na bei ya kibunda ikashuka.